Taja Mfungaji kwa Jina Lake

Ngamiani, Tanga

Mwanangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya huko Dar es Salaam. Sisi huku hatujambo, mama yako anakusalimu sana na anauliza kama chumba ulichopanga kimekwisha kupata maji. Tangu uliponieleza kwa simu kwamba umeajiriwa katika dawati la michezo, ninalala na kuamka na jambo hilo, na kwa kuwa ninayotaka kukuambia hayafai kusemwa kwa haraka, nimeona niyaweke kwenye karatasi ili uyasome ukiwa umetulia.

Unajua kwamba mimi si mwandishi. Nimefanya kazi bandarini hadi nilipostaafu, na mpira nimeufuata nikiwa mtazamaji na msikilizaji tu. Lakini kazi uliyoianza inafanywa kwa ajili yetu sisi tulio mbali na uwanja, na ni kwa sababu hiyo ninakuandikia.

Mwaka 1979 nilikuwa na miaka 14. Taifa Stars, timu yetu ya taifa, ilikuwa imeifunga Zambia 1-0 Dar es Salaam, na mchezo wa marudiano ukawa Ndola. Huku Bara hatukuwa na televisheni. Fundi cherehani mmoja wa mtaa wetu aliitoa redio yake nje akaiweka juu ya meza ya kukatia vitambaa, sisi watoto tukakaa chini mchangani na wakubwa wakasimama nyuma yetu. Mtangazaji alianza kwa kutuambia ni timu ipi inayoshambulia kutoka kushoto kwenda kulia mwa redio zetu, na kuanzia hapo kila mmoja wetu alikuwa na uwanja wake kichwani. Mpira uliporushwa alisema umerushwa na nani na kutoka upande gani. Mchezaji alipoanguka alisema ameguswa na nani. Na kelele za Wazambia zilipopanda alitueleza sababu yake kabla hofu haijatuingia. Peter Tino alipofunga bao lililotupa sare ya 1-1 na kutupeleka Lagos mwaka uliofuata, kwa mara ya kwanza katika fainali za Mataifa ya Afrika, yule fundi alinishika mkono akaniuliza, "Umemwona Tino?" Nikamjibu kwamba nimemwona, na sikuwa nimedanganya. Taifa Stars haikurudi kwenye fainali hizo hadi mwaka 2019 kule Misri, na kwa miaka hiyo yote 39 bao la Ndola liliishi mitaani kwetu kwa sababu palikuwa na mtu aliyelieleza vizuri kwa watu wasioliona.

Baadaye nilizijua sauti za watangazaji kama ninavyozijua sauti za majirani. Alikuwapo Ahmed Jongo, alikuwapo Charles Hilary. Charles alipofariki mwezi Mei 2025, mama yako alinikuta nimekaa barazani kimya akadhani nimepokea habari ya msiba wa ndugu. Charles alipitia Redio Tanzania, Radio One, Ujerumani na BBC London kabla ya kurudi nyumbani na kusikika Azam, na kwa miaka hiyo yote nilimsikiliza ili nijue kilichotokea uwanjani. Hata siku moja sikuwa na haja ya kujua moyo wake uko Jangwani kwa Yanga au Msimbazi kwa Simba. Leo ninapowasha redio asubuhi, jambo la kwanza ninalolijua kuhusu mchambuzi ni timu yake, tena mara nyingi vituo humpanga mmoja wa Yanga na mmoja wa Simba wakabiliane kama mawakili mahakamani, na saa nzima hupita pasipo mtu kunieleza bao lilivyopatikana. Utani wa jadi ni mali yetu na ninaupenda. Ninachokiombolezea ni kwamba utani umeondoka kwenye majukwaa na vijiwe vya kahawa, ukakaa kwenye kiti cha mtu anayelipwa kutupasha habari.

Sijawahi kukueleza kwa ukamilifu kwa nini jambo hili linaniuma, kwa hiyo nitakueleza sasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nilikuwa uwanja wa Mkwakwani hapa Tanga siku ambayo kijana mmoja wa mtaa wa nyuma yetu alipangwa kwa mara ya kwanza katika kikosi. Ilikuwa mechi ya jioni, upepo unatoka baharini, watu si wengi. Dakika ya 71 mpira wa kona ulipigwa kutoka upande wa kushoto, beki akaugusa kwa kichwa ukadondoka karibu na nukta ya penalti, na yule kijana akaupiga kwa mguu wa kulia ukiwa bado unadunda, ukapita kati ya miguu ya watu wawili ukaingia. Niliona kwa macho yangu. Mchezo ulipokwisha nilimwona pia mwandishi mmoja aliyefika wakati watu wanatoka, amesimama chini ya mwarobaini nje ya lango, anawauliza wapita njia nani amefunga. Mtu mmoja akamtajia jina la mshambuliaji aliyezoeleka, naye akaliandika akashukuru, akaondoka. Siku ya pili mama wa yule kijana, ambaye hakuwa anajua kusoma, alinunua gazeti akaja nalo kwetu akiwa amelikunja vizuri ndani ya kanga, akaniomba nimsomee mahali mwanawe alipotajwa. Nililisoma lote, mara mbili. Bao lilikuwa la mtu mwingine na dakika ilikuwa nyingine. Nilimwambia kwamba gazeti limekosea, akaniuliza kama watalirekebisha kesho yake, na kesho yake hawakulirekebisha.

Kijana yule hakucheza muda mrefu, goti lilimwangusha. Bao lake la ligi ni hilo moja, na katika maandishi ya nchi hii si lake.

Ndiyo maana nakuomba, kabla ya mbwembwe na misemo, uwe mtu wa daftari. Fika uwanjani kabla ya timu kuingia. Andika vikosi kwa mkono wako, andika dakika, andika nani ametoa pasi, na usipoona vizuri muulize mwamuzi wa akiba au kamishna wa mchezo, usimuulize mpita njia. Wazee wanaposimulia Simba ilivyoifunga Yanga 6-0 mwaka 1977 na Abdallah Kibadeni akapachika mabao matatu, masimulizi hayo yanasimama kwa sababu siku ile yupo aliyeandika. Lakini ukitaka kujua nani aliifungia Tukuyu Stars mabao ilipotwaa ubingwa mwaka 1986, msimu uleule iliopanda daraja, utazunguka kwa watu na kila mmoja atakupa jina lake.

Hapo unagusa kidonda cha sisi wa mikoani. Mwaka 1988 Coastal Union, timu yetu ya Tanga, ilikuwa bingwa wa Bara. Mohamed Mwameja alikuwa golini, Juma Mgunda alikuwa mbele, na mji huu haukulala. Vijana wengi wa leo wanamjua Mgunda kama kocha aliyewahi kuifundisha Simba, hawajui kwamba tulimwona hapa akiwa mchezaji, nami siwalaumu, kwa sababu hawajaandikiwa. Msimu wa 2023/24 Coastal ilimaliza nafasi ya nne chini ya kocha David Ouma kutoka Kenya, ikapata nafasi ya kucheza Kombe la Shirikisho Afrika. Msimu mzima nilifungua magazeti nikitafuta maelezo ya namna timu isiyo na fedha nyingi ilivyojenga ulinzi mgumu namna ile, nikaambulia aya mbili au tatu chini ya ukurasa. Kisha Juni 2024 Simba ikatangaza kumsajili beki wetu Lameck Lawi, Coastal ikapinga, na ghafla Wagosi wa Kaya, yaani Coastal yetu, wakawa kwenye kurasa za mbele kwa siku kadhaa. Ninaelewa kwamba gazeti linauzwa na redio inahitaji wasikilizaji, na kwamba watu wa Simba na Yanga ndio wengi. Hata hivyo ligi ina timu 16, na kila moja ina watu wanaoamka asubuhi wakitaka kujua habari zake.

Sasa nikupe mfano wa siku ambayo tuliwahitaji waandishi kuliko siku zote. Machi 8, 2025, jirani yetu mmoja alipanda basi alfajiri kwenda Dar es Salaam kutazama dabi ya Kariakoo, yaani Simba na Yanga. Usiku uliotangulia Simba ilikuwa imetangaza kwamba haitacheza kwa sababu imezuiwa kufanya mazoezi uwanjani, ingawa kanuni inaipa timu mgeni haki ya kufanya mazoezi hayo; mchana Bodi ya Ligi ikaahirisha mchezo; Yanga nayo ikashikilia kwamba haitacheza tarehe nyingine. Mabishano yakaendelea kwa miezi zaidi ya mitatu hadi mchezo ulipochezwa Juni 25, Yanga ikashinda 2-0 na kutwaa ubingwa. Katika muda wote huo mimi nilitaka vitu vichache tu: kifungu cha kanuni kisomwe chote bila kukatwa, saa ya kufika kwa basi la Simba getini itajwe, na aliyetoa amri ya kufunga geti aulizwe. Nilichokisikia zaidi ni watu wazima wakirushiana maneno, kila mmoja akiisoma kanuni hadi pale inapomfaa. Tena halikuwa jambo geni. Mei 8, 2021 dabi ilivurugika kwa sababu saa ya mchezo ilisogezwa kutoka saa 11 jioni hadi saa 1 usiku, na kama mafunzo ya mwaka ule yangeandikwa yakaeleweka, huenda jirani yangu asingerudi Tanga usiku na tiketi isiyotumika mfukoni. Hakuwa ametendewa haki na mtu yeyote, na hakuna aliyemtafuta kumuuliza.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi. Mkataba wa Azam na shirikisho la soka wa kuonyesha ligi kwenye televisheni, wa mwaka 2021, ni wa Sh bilioni 225.6 kwa miaka 10, na ninashukuru, kwa maana leo ninatazama mechi ya Mkwakwani hata nikiwa mgonjwa kitandani. Lakini bado tunasikia wachezaji wa timu ndogo wakidai mishahara, na FIFA imewahi kuzifungia klabu zetu kadhaa kusajili kwa sababu ya madeni. Uliza fedha inaingia lini, inakwenda wapi, na nani anabaki bila kulipwa. Maswali hayo hayatakufanya upendwe na wasemaji wa klabu, ambao siku hizi ni mashuhuri kuliko manahodha, na huenda siku moja ukanyimwa nafasi ya kuuliza kwenye mkutano wao. Nyanyua mkono hata hivyo.

Utakutana pia na bahasha ya kaki. Itakuja kwa jina la nauli au chakula cha mchana, na itatoka kwa mtu mwenye tabasamu. Ninajua mshahara wako wa kuanzia si mkubwa. Ukikwama, nipigie mimi. Pensheni yangu ni ndogo lakini ni ya kwetu sote, na ningependa mara elfu nauli yako itoke humo kuliko uandike kwamba mchezaji fulani ni moto wa kuotea mbali kwa sababu wakala wake alikulipia chakula.

Kuna neno moja ninakusihi usilitumie, nalo ni "garasa". Nimelisikia likitamkwa juu ya kijana wa miaka 19 aliyecheza mechi mbili, kabla hata hajazoea hali ya hewa ya nchi. Sema kwamba alipoteza mipira mingi, sema kwamba alichelewa kumfuata mtu wake, taja dakika. Hayo yanamsaidia yeye, kocha wake na mimi msikilizaji. Garasa ni karata ya kutupa, na mtoto wa mtu si karata. Mbwana Samatta naye alikuwa kijana mwembamba aliyetoka African Lyon kwenda Simba, na kutoka hapo akafika Mazembe ya Kongo, Genk ya Ubelgiji na Aston Villa ya Uingereza, hadi akafunga katika fainali ya Kombe la Ligi kule Wembley mwaka 2020. Sijui kama angefika kama mtu angempa jina hilo redioni katika mechi yake ya pili.

Usidhani kwamba ninakutaka uache kupenda. Ulikulia mabegani mwangu Mkwakwani ukipeperusha kitambaa chekundu, na siwezi kukuambia ukitupe. Kivae siku ya mapumziko.

Coastal watakapocheza tena hapa nyumbani, omba kituo chako kikutume. Usije kukaa nami. Kaa walipo waandishi, mimi nitakuona kutoka mahali pangu pa siku zote. Mchezo ukiisha na ukishatuma habari yako, nitakupeleka mtaa wa nyuma. Yule kijana sasa ni mtu wa makamo, anatengeneza baiskeli mbele ya nyumba ya marehemu mama yake. Njoo na daftari lako, umuulize kuhusu ile kona ya kushoto, na dakika ya 71.

Mama yako amekuwekea visheti.

Ni mimi baba yako akupendaye.