Homa ya ini aina ya E haiishii kwenye ini

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie homa ya ini aina ya E, ugonjwa ambao jina lake, kwa maoni yangu, limewapotosha wengi, waganga wakiwamo. Mwaka jana shemeji yangu anayeishi Uholanzi aliamshwa usiku na maumivu makali ya mabega yote mawili, na baada ya siku chache akashindwa hata kufunga vifungo vya shati. Macho yake hayakuwa ya manjano, wala hakuna aliyelifikiria ini, hadi kipimo cha damu kilipoonyesha virusi vya homa hiyo, vilivyokuwa vimeshambulia neva za mabega.

Watafiti wa Ulaya wamekwisha kubaini kwamba takriban mgonjwa 1 kati ya 10 wa maradhi kama hayo ya neva za bega ana maambukizi mapya ya virusi hivi, ambavyo huko huenezwa zaidi na nyama ya nguruwe isiyoiva. Vimehusishwa pia na ugonjwa wa Guillain-Barré, ambao hupoozesha mwili kuanzia miguuni, na vilevile na kuvimba kwa kongosho na maradhi ya figo.

Kwetu chanzo ni maji yaliyochafuliwa na kinyesi, kama ilivyokuwa katika kambi za wakimbizi za Dadaab mwaka 2012, na tahadhari huelekezwa, kwa haki kabisa, kwa wajawazito. Hata hivyo, naiomba Wizara ya Afya iwaelekeze waganga kwamba, panapozuka mlipuko, anayefika kituoni akiwa na ganzi au udhaifu wa ghafla wa viungo apimwe virusi hivi, hata kama macho yake ni meupe.

Msomaji wako,
Mombasa