Shingo iliyoumia si ya kuchuliwa

Mhariri,

Tunaomba nafasi tuseme juu ya jeraha linalochukuliwa kirahisi mno hapa Dar es Salaam: shingo iliyoumia juu, karibu na kisogo, baada ya mtu kuanguka na bodaboda, kudondoka mnazini au kupiga mbizi Coco Beach maji yakiwa yamekupwa.

Wengi huamini kwamba aliyevunjika shingo hupooza papo hapo. Kwa pingili mbili za juu, mara nyingi sivyo. Pingili ya kwanza ni pete inayobeba fuvu. Ya pili ina kijino kinachochomoza na kuingia ndani ya pete hiyo, ndicho kichwa hugeukia. Kijino huchukua takriban theluthi moja ya pete, uti wa neva (kamba ya neva inayopita ndani ya mgongo) theluthi nyingine, na theluthi inayobaki ni nafasi tupu. Kwa sababu ya nafasi hiyo mtu huweza kuvunjika na bado akarudi nyumbani kwa miguu, kichwa amekishika kwa mikono miwili. Ukimwona hivyo, usimpe panado ukamwambia akalale. Na yule anayeitwa kuja kumchua kwa mafuta na "kumnyoosha" ndiye tunayemwogopa zaidi: kipande kikisogea, uti hubanwa mahali palipo juu ya zinapotokea neva zinazoendesha kupumua.

Aliyelala chini asinyanyuliwe mikono na miguu kisha akakunjwa ndani ya bajaji. Mmoja apige magoti nyuma ya kichwa, akishike pande zote mbili bila kukivuta. Watatu wamgeuze mwili mzima kwa pamoja, mwenye kichwa akihesabu, awekwe kwenye ubao. Helmeti ivuliwe na watu wawili: mmoja anashika taya na kisogo, mwingine anaivuta taratibu. Asiyepumua hasubiri haya yote, pumzi kwanza.

Hospitalini, eksirei ya kawaida hukosa mivunjiko mingi ya huku juu, hata ile inayopigwa mgonjwa akiwa amefungua kinywa. Picha ikionekana safi na maumivu bado yapo, ulizeni CT scan (picha ya kompyuta inayoonyesha mfupa kwa undani), hasa kwa mwenye miaka 65 na zaidi au mwenye ganzi mikononi.

Kinachosumbua zaidi ni kijino kuvunjikia shinani. Damu hapo ni haba na mifupa hugusana kidogo, hivyo huweza kukataa kuunga, hasa kwa wazee au kipande kikiwa kimesogea zaidi ya milimita 5. Kijana huweza kufungwa fremu ya halo, yaani pete inayozunguka kichwa na kushikizwa kwenye fulana ngumu kifuani, kwa kawaida kwa skrubu 4 fuvuni, zinazokazwa tena baada ya saa 24 hadi 48, na kukaa nayo kama wiki 12. Ngozi inayozunguka skrubu isiposafishwa hutunga usaha. Mzee fremu hiyo humletea nimonia na shida ya kumeza, kwa hiyo daktari hupima kati ya kola ngumu ya kushikilia shingo na upasuaji.

Wanaotuumiza kichwa ni wanaovua kola wiki ya nne kwa kuwa maumivu yameisha. Maumivu huisha kabla mfupa haujaunga. Kola ivuliwe baada ya daktari kuona picha mpya, zikiwemo za kuinamisha na kuinua kichwa atakapoziruhusu.

Wahudumu wa mifupa,
Dar es Salaam