Shukrani kwa dada wa sindano na uzi

Dada uliyevaa miwani ya fremu nyekundu, sikupata kukuuliza jina, basi nakushukuru mbele ya watu.

Nilikuwa naingia harusini na gauni la mitumba la mabega mapana, mtindo wa miaka ya 1980, na mkufu wa shanga kubwa za kaharabu. Uzi ukakatika pale mlangoni, shanga zikatawanyika miguuni mwa watu.

Wewe ulisimamisha watu kwanza, ukatandaza mtandio wako sakafuni, ukaanza kuokota. Kisha ukatoa mkobani sindano na uzi wa nailoni, ukazitunga upya ukipiga fundo baada ya kila ushanga. Ukanieleza kwamba uzi wa pamba huozeshwa na jasho na manukato, na kwamba penye mafundo, ukikatika tena utaanguka ushanga mmoja tu. Mafundi wa lulu hufanya hivyohivyo. Hukusema hata mara moja kwamba mkufu umezidi ukubwa (wengine walisema, tena kwa sauti). Ulinipandishia mshipi juu kidogo kiunoni, gauni likakaa.

Wapenzi wa mitumba, wekeni sindano na uzi mkobani. Mkinunua mkufu wa zamani, uvuteni kidogo kabla ya kuuvaa. Uzi ukiwa umelegea, utungeni upya.