Kiwanja kina pande nne, lakini eneo je?

Mhariri,

Mimi ni fundi muashi hapa Mkuranga. Kabla ya kuchimba msingi huomba nioneshwe karatasi ya mauziano, na mara nyingi imeandikwa "kiwanja cha ishirini kwa ishirini", basi. Nikitandika futi kamba, kweli kila upande una mita 20. Shida inajitokeza nikianza kutafuta skwea, yaani kuona kama kona zina pembe mraba: kiwanja kimelala upande.

Mzingo wa kiwanja hicho bado ni mita 80, na seng'enge ya kukizungushia ni ileile. Eneo ndilo limepungua. Ukivuta kamba kwa pembe mraba kutoka upande mmoja hadi wa pili ukapata mita 16, hapo pana mita za mraba 320, si 400. Themanini zilizokosekana ni vyumba vitano vya mita 4 kwa 4, na mnunuzi kavilipia.

Dawa yake ni kupima ulalo, kona kwa kona. Mraba wa mita 20 una ulalo wa mita 28 na sentimita 28, na lalo zote mbili lazima zilingane. Zisipolingana, tumia ulalo mmoja kukigawa kiwanja pembetatu mbili. Kila moja zidisha kitako kwa kimo, gawa kwa mbili, kisha jumlisha.

Kimo ni kamba inayokutana na kitako kwa pembe mraba. Nasisitiza hili kwa sababu hata waliosoma wanachukua upande wa mshazari. Viwanja vya pembetatu vipo vingi barabara zinapoachana. Chukua chenye pande za mita 30, 40 na 50, ambayo ndiyo tatu-nne-tano yetu mafundi: pembe mraba iko kati ya 30 na 40, kwa hiyo eneo ni mita za mraba 600. Anayezidisha 30 kwa 50 na kugawa kwa mbili anapata 750, na hela inatoka kwa hesabu hiyo.

Mashambani ndiko kubaya zaidi. Ekari tunahesabu hatua 70 kwa 70, nayo inakubali ikiwa hatua ina sentimita kama 91. Akitembea mtu wa hatua ya sentimita 80, unapata mita 56 kwa 56, yaani mita za mraba 3,136, wakati ekari ni 4,047. Karibu robo ya shamba imebaki kwa muuzaji!

Walimu wetu wa shule za msingi, nawaomba sana muwatoe watoto nje. Wanaimba "urefu mara upana" vizuri, lakini ukiwauliza waya wa kuzungushia bustani wanazidisha vilevile. Wapeni vigingi vinne na kamba ya mita 24. Waitandaze 6 kwa 6, wapate 36. Wabadili 8 kwa 4, wapate 32. Halafu 11 kwa 1, wapate 11. Kamba ni moja.

Na viongozi wa vijiji mnaogonga mihuri, msigonge kabla ya umbo la kiwanja kuchorwa kwenye karatasi, pande zote kwa mita, pamoja na ulalo walau mmoja. Futi kamba moja ya mita 50 inatosha kijiji kizima.

Fundi muashi,
Mkuranga, Pwani