Umefunika nyasi kwa vigae, mbona bima haijashuka?

Lalamiko hili tunalipata kila mara, na juzi limetufikia tena, safari hii kwa sauti ya juu: "Nimemaliza hela yangu yote kufunika nyasi kwa vigae, halafu kampuni ya bima inaniambia ada ni ileile. Nyie mafundi ni waongo." Mteja huyo hakuezekewa na sisi, alikuja kutafuta wa kumtetea. Lakini kwa kuwa hata wateja wetu wenyewe huuliza swali hilohilo, tumeona tulijibu hapa kwa kirefu.

Mtu wa bima haangalii paa linavyoonekana ukiwa barabarani. Anaangalia kinachoweza kuungua. Nyasi zikibaki chini ya vigae, nyumba yako kwake bado ni ya nyasi, tena nyasi zilizofichwa. Na hapo ana haki. Paa la nyasi likiwa wazi, zimamoto wanaweza kuvuta nyasi kwa kulabu na kukata njia ya moto kabla haujavuka upande wa pili. Vigae vikishafunika, maji wanayorusha yanateleza na kushuka chini, kwa sababu kazi ya kigae ndiyo hiyo, kumwaga maji. Moto unabaki ndani, kwenye uwazi ulio kati ya nyasi na vigae, unafuka na kutambaa bila mwali. Watu wanakuja kuona moshi kwenye kofia ya paa wakati moto umeshaenea upande mzima.

Sasa, njia ya mkato ambayo watu wengi huijaribu ni hii: anatafutwa fundi wa bei rahisi, anapigilia papi, zile mbao nyembamba za kubebea vigae, juu ya nyasi, anapanga vigae, kazi inaisha haraka. Kisha kwenye fomu ya bima, palipoandikwa "aina ya paa", mwenye nyumba anajaza "vigae" na kunyamaza. Ada inashuka kweli, na yeye anaona amewapiga chenga. Ndugu mteja, usifanye hivyo. Mkataba wa bima umejengwa juu ya uaminifu wa pande zote mbili. Ukificha jambo ambalo lingebadilisha uamuzi wao wa kukukatia bima au kiasi cha ada, wanaweza kukataa kukulipa.

Mzee mmoja tuliitwa kwake baada ya upepo mkali kung'oa vigae vya upande mmoja. Madai yake yalikuwa ya upepo, moto haukuwepo kabisa. Mtathmini wa hasara alipanda ngazi, akapiga picha pale palipofunuka, na kwenye picha nyasi zikaonekana wazi chini ya papi. Kilichofuata hakikuwa tena habari ya upepo. Walirudi kwenye fomu, wakasoma neno "vigae", na madai yakakataliwa. Mzee alilia mbele yetu. Miaka yote ile alikuwa analipia kitu ambacho siku ya shida hakikuwepo.

Ndiyo maana sisi tunaezua. Nyasi zote zinashuka chini, pamoja na fito na kamba zake, mpaka mbao na miti ya paa ibaki mitupu. Hapo ndipo wateja hushika kichwa wakiona bei, basi tuiseme wazi. Kuezua ni kazi chafu na nzito, vumbi la miaka, viota, kinyesi cha panya. Halafu kuna mwinamo. Paa la nyasi hujengwa likiwa limesimama, nyuzi 45 au zaidi, ili maji yakimbie. Kwa mwinamo huo, nyumba iliyokaa kwenye mita za mraba 100 ina paa la mita za mraba 141 hivi, kabla hujahesabu upenu. Mteja hupima sakafu, sisi tunapima paa, na hapo ndipo anapodhani tumemwongezea.

Uzito nao hauchezewi. Nyasi zilizoezekwa vizuri zikiwa kavu zina kilo 35 hivi kwa mita ya mraba. Vigae vya zege vinafika kilo 45, vile vyepesi vya chuma kilo 7 tu au karibu na hapo. Ukipanga vya zege bila kuezua, umeweka kilo 80 juu ya miti iliyohesabiwa kwa chini ya nusu ya hapo, na nyasi zikilowa mzigo unazidi. Tumeona paa lililobonyea katikati, ukuta umepasuka juu ya dirisha, na mwenye nyumba bado anamsifu fundi wake kwamba alikuwa wa bei nzuri.

Kuna faida nyingine ya kuezua ambayo haimo kwenye fomu yoyote. Nyumba moja, tulipotoa nyasi za juu ya jiko, fundi wetu alishika waya uliokuwa umezama ndani yake. Panya walikuwa wametafuna ngozi yote ya waya kwa urefu wa kiganja, shaba inang'aa, na nyasi zilizouzunguka zimebadilika rangi kuwa za kahawia iliyoiva. Umeme ulikuwa unapita hapo kila siku. Kama wangefunika tu, waya ule ungebaki mle.

Na kama nyasi bado ziko juu, hakuna fundi wetu anayewasha grenda, ile mashine ya kukatia chuma, paani. Vigae vya chuma vinakatwa chini, kwa mkasi wa bati. Cheche moja inatosha. Ndiyo, inachukua muda zaidi, na muda huo uko kwenye bei.

Si lazima uezue. Mama mmoja aliyapenda makuti ya sebuleni, akitazama juu moyo wake unatulia, hakutaka yatoke. Tulimwomba jambo moja tu: aiandikie kampuni yake ya bima kabla hatujaanza. Wakamjibu kwamba nyumba itaendelea kuhesabiwa ya nyasi. Akakubali, akalipa ada yake, tukamfanyia kazi. Huyo hajawahi kutulalamikia.

Kwa hiyo mpangilio wetu ni huu. Kabla ya kazi, iarifu kampuni kwa maandishi, maana paa likiwa wazi hata vitu vya ndani viko hatarini, na usidhani bima ya kawaida inavikinga wakati wa ujenzi. Wakati wa kazi tunapiga picha kila hatua: nyasi zikiwepo, mbao zikiwa mitupu, kenchi zilizoimarishwa, vigae vikiwa tayari. Mwishoni unapewa picha hizo pamoja na barua yetu, ukampe mkaguzi wao.

Wakishaacha kuihesabu nyumba kuwa ya nyasi, warekebishe na thamani uliyoikatia bima. Wengi husahau. Nyumba ikiwa inagharimu 100 kuijenga upya na umeikatia bima ya 60, ukipata hasara ya 20, wanaofuata kanuni ya uwiano, yaani kulipa kwa kadiri ya sehemu uliyokatia, watakulipa 12.

Na kama nyumba yako imeshafunikwa na nyasi zimo ndani, na fomu inasema vigae, mpigie wakala wako leo umwambie ukweli, kabla hata hujatuita sisi. Ada itapanda. Kuezua tunaweza kupanga baadaye, hela ikipatikana.