Rehema, kichwa cha mdahalo kibadilishwe

Rafiki yangu Rehema,

Salamu nyingi, na Mwalimu Tatu mpe zake. Huku sote wazima. Mengine tutayamaliza tukionana, maana Jumamosi iko mlangoni na barua yako imenikosesha raha.

Kichwa cha mdahalo! Nani kakichagua? "Uhai Unaanza Lini?" Kama ni Kibwana, mwambie nimesema kwa mapenzi yote: akifute. Mkikiacha hivyo, watu watabishana saa nzima juu ya jambo ambalo halina ubishi, kisha watarudi makwao wakidhani wamejadili utoaji mimba.

Hebu fikiri. Yai la mwanamke lina uhai kabla halijakutana na mbegu. Mbegu nayo ina uhai. Zikishaungana kinachopatikana ni hai, na ni cha binadamu, si cha mbuzi. Mpinzani mkali wa utoaji mimba anakubali hayo, na daktari anayetoa mimba anakubali pia. Figo iliyowekwa kwenye barafu ikingoja kupandikizwa ni hai, ni ya binadamu, na hakuna anayeiita mtu. Kiswahili kimetupa maneno matatu, uhai, ubinadamu na utu, na ugomvi wote uko kwenye la tatu. Na hata hilo la tatu si mwisho wa safari, nitalirudia.

Nikuonyeshe kitu. Waambie wasemaji wako watamke sentensi moja yenye neno kijusi (mimba iliyo tumboni), halafu sikiliza kiambishi. Mmoja atasema "kijusi kinakua," mwingine "kijusi anakua." Kila mmoja ameshapiga kura kabla hajatoa hoja! Sarufi inatutaka viumbe tuvipe a- hata jina likianza na ki-: kiboko anaogelea, kijana anakuja. Lakini mti una uhai na hatusemi "mti anakua." Kwa hiyo hata ngeli zetu hazipimi uhai, zinapima kitu kingine, na kitu hicho ndicho mngetakiwa kukijadili. Wewe kama mwenyekiti usimsahihishe yeyote. Kubalianeni tu mwanzoni kwamba kila mtu atumie kiambishi chake na kisihesabiwe kuwa hoja. Baya zaidi ni mwenyekiti kuteleza upande mmoja bila kujijua, halafu ukumbi ukamjua.

Wakishikilia biolojia, basi wawe na tarehe sahihi. Hapa ndipo midahalo mingi huvurugika, kwa sababu kuna kalenda mbili. Hesabu ya kliniki huanza siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, yaani kama wiki mbili kabla mimba haijatungwa. "Mimba ya wiki 6" ina kiinitete (kijusi kikiwa bado kichanga kabisa) cha wiki 4 hivi, na mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28 anakuwa amechelewa siku 14 tu. Msemaji mmoja akihesabu tangu hedhi na mwenzake tangu kutungwa, watapishana wiki mbili nzima na kila mmoja atamwona mwenzake mwongo. Chagua kalenda ya kliniki, iandike ubaoni. Kwa kalenda hiyo, mdundo huanza kuonekana kwenye ultrasaundi karibu wiki ya 6, lakini kinachodunda ni mrija mdogo ambao bado haujawa moyo wa vyumba vinne. Wa huku atasema "moyo," wa kule atasema "seli tu," na wote wawili watakuwa wamepunja kipimo. Uwezo wa kuishi nje ya tumbo huja karibu wiki ya 24, na penye mashine nzuri na wauguzi stadi hata 22. Hapo uliza: je, utu unaongezeka kwa kununua mashine?

Kuna moja ninalipenda, litumie likikufaa. Mpaka karibu siku ya 14 tangu kutungwa (kutungwa safari hii, si hedhi, unaona taabu yenyewe), kiinitete kimoja kinaweza kugawanyika kikawa pacha wa kufanana. Kamati iliyoongozwa na mwanafalsafa Mary Warnock nchini Uingereza mwaka 1984 ilipendekeza siku hiyo ya 14 iwe kikomo cha kufanyia utafiti viinitete. Basi kama siku ya 3 alikuwapo mtu mmoja, walipotokea wawili yeye alikwenda wapi? Usidhani upande wa pili utanyamaza. Watakujibu kwamba kuna minyoo ambayo ukiukata unapata miwili, na hilo halimaanishi kwamba kabla ya kisu hapakuwa na mnyoo mmoja kamili. Jibu zuri, bahati mbaya limetoka kwa mnyoo.

Sheikh na padri mmewaalika, sivyo? Usimruhusu yeyote aanze na "dini imesema" akaishia hapo. Hadithi ya Ibn Masud, sahaba wa Mtume, ina vipindi vitatu vya siku 40, ndiyo hizo 120 za kupulizwa roho. Wapo mafakihi (wanazuoni wa sheria) wa madhehebu ya Hanafi walioruhusu kutoa mimba kabla ya siku hizo, baadhi yao kwa sharti la udhuru. Wa madhehebu ya Maliki wengi wamekataza tangu mwanzo kabisa. Mwanazuoni Ghazali ana msimamo wa ngazi: ni kosa tangu tone linapotulia kizazini, na uzito wake unapanda kadiri mimba inavyokua. Kwa Wakristo, mwanzo ni Aristotle, mwanafalsafa Myunani wa kabla ya Kristo, aliyehesabu siku 40 kwa wa kiume na 90 kwa wa kike (hata huko wa kike tulicheleweshwa, usinichokoze), na mwanateolojia Thomas Aquinas akafuata mkondo huo wa roho kuja baadaye, ingawa kutoa mimba hata kabla ya hapo kwake kulibaki dhambi. Katika adhabu ya kutengwa na Kanisa, tofauti hiyo ya kabla na baada ya roho kuja iliondolewa na Papa Pius IX mwaka 1869. Waombe wataje ngazi hizo wenyewe. Wakizificha, watu wataona dini ni ukuta, na kumbe ndani mna vyumba.

Turudi kwenye kichwa. Sababu kubwa ya kukikataa ni hii: hata leo tukikubaliana sote kwamba kijusi ni mtu tangu dakika ya kwanza, mjadala haujaisha. Mwaka 1971 mwanafalsafa Judith Jarvis Thomson alilikubali hilo makusudi, kisha akauliza: ukiamka ukakuta umeunganishwa na mpiga fidla mgonjwa, anatumia figo zako, na asipokaa hivyo miezi tisa atakufa, je, unalazimika kubaki? Haki ya kuishi, anasema, si haki ya kutumia mwili wa mwenzako. Hoja kali. Lakini inauma vizuri zaidi kwenye mimba ya kubakwa, kwa sababu mfano wake ni wa mtu aliyetekwa. Kwenye mimba nyingine mpinzani atasema mzazi si mpita njia, na kuchomoa mrija wa mpiga fidla si sawa na kukata kijusi.

Geuza sasa. Mwanafalsafa Don Marquis, mwaka 1989, aliacha kabisa neno mtu. Kuua ni kubaya, alisema, kwa sababu unampokonya aliyeuawa maisha yake yajayo, na kijusi kina maisha yajayo kama yetu. Hiyo nayo ni kali, na haihitaji dini wala roho. Udhaifu wake: mbona basi yai na mbegu, kabla hazijaungana, hazina maisha yajayo hayohayo? Ana jibu, msemaji wako alitafute. Naye mwanafalsafa Mary Anne Warren, mwaka 1973, aliweka vigezo vya utu kama fahamu, kufikiri na kujitambua. Navyo vikampeleka mahali pagumu, kwa sababu mtoto mchanga wa siku moja anashindwa mtihani huohuo.

Unaona? Kila upande ukisukuma hoja yake mpaka mwisho unafika mahali hautaki kulala. Wapelekeni hapo. Waulizeni watu wa utu-tangu-mwanzo kuhusu mimba iliyotunga nje ya kizazi, ambayo ni kama 1 au 2 kati ya kila 100. Nyingi hukaa kwenye mrija wa uzazi, na mrija ukipasuka mama hutokwa damu ndani kwa ndani. Karibu kila mtu atasema atibiwe. Sawa, kwa kanuni gani? Wanamaadili wa Kikatoliki wana jibu la makusudio: kuukata mrija ulioharibika kunaruhusiwa kwa sababu kifo cha kiinitete hakikukusudiwa, ila kuhusu sindano ya methotrexate, ambayo inakizuia kiinitete chenyewe kukua, wao kwa wao hawajapatana. Matokeo kwa kiinitete ni yaleyale. Na watu wa mwili-ni-wangu waulizwe kuhusu wiki ya 34: haki ni ya kutoka katika hali ya ujauzito, au ni ya kijusi kufa? Kwa mimba changa haya mawili hayatenganiki, kwa mimba kubwa yanatenganika, na wengi hawajawahi kulifikiria.

Sheria iwekeni mwisho, iwe swali lake peke yake. Romania ilipiga marufuku utoaji mimba mwaka 1966 isipokuwa kwa masharti machache, na vifo vya wajawazito vikapanda mpaka utawala ule ulipoanguka Desemba 1989. Shirika la Afya Duniani linakadiria mimba milioni 73 hutolewa kila mwaka duniani, karibu asilimia 45 kwa njia zisizo salama. Takwimu hizo ni nzito kwa anayetunga sheria. Kwa anayeuliza kama tendo ni ovu, hazijibu kitu, maana ovu likifanywa na wengi halipungui uovu. Marekani, hukumu ya Roe ya mwaka 1973, iliyosema katiba inalinda haki ya kutoa mimba, ilifutwa na ile ya Dobbs mwaka 2022, na hoja za maadili zilibaki pale zilipokuwa.

Kwa hiyo gawanya dakika 90 hivi: 20 za hadhi ya kijusi, 20 za mwili wa mama na anachodaiwa, 20 za sheria, 30 za maswali. Kabla ya kujibu, kila msemaji arudie hoja ya mwenzake mpaka mwenzake aseme "ndivyo." Itawaudhi, iache iwaudhi. Kisa cha kubakwa kisiwe cha kwanza, maana kikitangulia hakuna kingine kitakachosikika. Picha marufuku, kwa pande zote. Maswali yaandikwe kwenye karatasi bila majina. Na kumbuka kati ya mimba 10 zinazojulikana, moja au mbili huharibika zenyewe. Ndani ya ukumbi kutakuwa na waliopoteza mimba na waliozitoa, wameketi safu moja, kwa hiyo asisikike mtu akisema "muuaji," wala "donge la damu."

Sasa nijibu haraka. Nani anashika saa? Kibwana amekubali kuwa msemaji au bado anataka kiti chako? Upande wa pili mmempata daktari au mwanasheria, na anajua habari za kalenda mbili? Akitoka mtu nje analia, nani ameandaliwa kumfuata? Wewe mwenyewe unalala? Msimamo wangu unaujua, na wako naujua, tusiuweke mezani siku hiyo. Na hicho kichwa, niambie kweli, mmeshakichapisha?

Wako,
Zuhura