Mdogo wangu, mama alisema nini siku ile?

Mdogo wangu,

Hela ya arobaini ya mama ilifika. Tulinunua mbuzi, mchele, na migebuka ya kutosha, watu wakala wakashiba, wakakuulizia. Nikasema uko mbali. Shangazi akauliza mbona wale wazungu kumi na wawili uliowaleta kijijini walifika, na kwao ni mbali kuliko kwako? Nikacheka ili yaishe.

Si hilo linalonifanya niandike. Juzi mwanangu alinionyesha picha uliyoweka. Mama ameshika mkungu wa chikichi, kitenge amekifunga kifuani, na chini umeandika kwamba umempoteza mama wa kabila lililokupokea. Lililokupokea! Wewe uliyeng'oka jino la kwanza kwenye kizingiti cha nyumba ile ile, tukalitupa wote juu ya bati. Yule alikuwa mama yako mdogo, amezaliwa tumbo moja na mama yako. Na hilo kabila, sisi Waha, tumejaa hapa Kigoma kuanzia Kakonko mpaka Buhigwe, tuna wabunge, tuna madeni ya vikoba, na ukishuka hapo Mwandiga siku ya soko utapigwa kikumbo na kabila zima.

Nakukumbusha siku ile ya mkutano na wageni wako maana najua wewe unaikumbuka kwa namna nyingine.

Mama alikuwa amevaa gauni la kwaya. Amelipiga pasi ya mkaa tangu alfajiri, viatu vyeusi, kichwani kilemba. Ukamchukua pembeni ukamnong'oneza, akarudi ndani, akatoka na kitenge cha shambani. Viti vya plastiki tulivyoazima kanisani ukasema vitolewe, tukae kwenye mikeka. Redio ya jirani ikazimwa. Halafu ukamwomba mama aongee Kiha. Mama yangu alikuwa akibishana bei kwa Kiswahili na madalali wa mawese miaka thelathini, lakini wewe ulitaka Kiha, mimi nikigeuze Kiswahili, wewe ukigeuze Kiingereza. Ndiyo maana uliniita. Elfu arobaini kwa siku, siku kumi. Sikatai, nilizipokea, na sare za shule za mwaka ule zilitoka humo.

Mama akasimama. Akasalimia kwa makofi kama kawaida yetu, wageni wakapiga na wao, wakacheka, wakapiga tena. Akangoja waishe. Kisha akasema, na haya nayakumbuka neno kwa neno:

"Waambie mashine ya kukamulia tunayo. Ni ya kusukuma kwa mkono, ni nzito, lakini tunayo. Tusichokuwa nacho ni michikichi. Mume wangu alipofariki, shemeji alisema miti ya kaka yake ni miti ya ukoo, tangu hapo navuna kwa ruhusa. Na hawa wenzangu wajane ni hivyo hivyo. Kama wamekuja kusaidia wanawake, watusaidie mashamba yapimwe, tuandikwe majina yetu kwenye hati. Hiyo miche ya Tenera nitaipanda mwenyewe."

Ile miche unaijua. Mawaziri walipoanza kuhimiza chikichi hapa Kigoma mwaka 2018, mbegu za Tenera zikaanza kusikika kila mkutano: ganda jembamba, nyama nyingi, mafuta mengi kuliko hii miti yetu ya zamani yenye kokwa kama jiwe. Mama akapata miche kumi na tano. Akaiweka nyuma ya jiko kwenye viriba, akaimwagilia maji ya kuoshea vyombo, akawa hana pa kuipanda, maana ukipanda mti kwenye shamba la watu umewapandia wao. Na alijua haki yake. Msaidizi wa kisheria aliwahi kuwasomea ofisi ya kata kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki ya ardhi sawasawa na mwanamume. Alikuwa akiutaja mwaka ule kama wengine wanavyotaja aya.

Sasa baba mdogo alikuwa amekaa pale pale mbele, na fimbo yake, pembeni ya mwenyekiti wa kijiji. Wewe ulikuwa unapanda ndege. Mimi nilikuwa nabaki.

Nikakwambia kwa Kiswahili: "Anasema anawashukuru, na kwamba suala la ardhi kwa wanawake bado ni changamoto."

Changamoto! Ndilo neno nililolipata. Wewe ukalichukua, ukaongea Kiingereza kirefu kidogo, na wageni wote wakaweka mkono kifuani wakasema aaah. Mama akanitazama. Kiingereza hakujua, lakini Kiswahili changu alikisikia vizuri sana.

Usije ukaniambia ulitafsiri nilichokupa. Kiha unakijua. Ulikisikia kwanza kwenye maziwa ya mama yako, na ulikuwa umekaa hatua mbili kutoka kwake. Ungeweza kusema. Wewe usingelala kijijini mwezi ule wote baba mdogo akipita mlangoni kila jioni kuuliza nani anachochea wajane. Mimi nililala. Nina watoto watatu na nyumba iliyo kwenye kiwanja cha ukoo, kwa hiyo kabla hujanihukumu, hesabu na hilo.

Nisiwe mchoyo wa fadhila. Yule binti mwembamba aliyelala chumba cha mama alikuwa mtoto mzuri. Alisukuma ule mti wa mashine, raundi kwa raundi, mpaka viganja vikatoka malengelenge, na mama akampaka mawese ya moto moto huku akimwimbia kama mtoto mchanga. Hawakuelewana hata neno na walielewana kuliko sisi wawili. Yule nadhani angeambiwa ukweli angeuliza maswali.

Mashine mpya ililetwa, ya injini, nzuri. Ilihitaji banda, na banda likahitaji kiwanja, na kiwanja unajua ni cha nani. Mama alikamulia pale mpaka mwisho, kila dumu la lita ishirini akiacha lita mbili kwa baba mdogo. Nawe umeandika kwamba mradi unaendelea vizuri, na kweli unaendelea.

Nikushauri kitu kimoja kama dada yako. Ukileta tena wageni, usimtumie ndugu kutafsiri. Ndugu ana pa kulala usiku. Tafuta mtu wa mbali, mlipe, mwambie aseme kila kitu hata kikiwaudhi wenye fimbo. Mimi nilikuwa tayari kusema, mdogo wangu, nilikuwa nimeshafungua mdomo. Ni vile tu yule mzee alikohoa.

Ile miche haikufa. Mizizi imetoboa viriba, imeingia chini yenyewe, imesongamana nyuma ya jiko, na baba mdogo bado hajaigundua au anajifanya.

Picha ile iache au itoe, utakavyo. Ninachotaka ni video. Najua kijana wenu wa kamera alirekodi mkutano wote, maana alikuwa anabadilisha betri. Hatuna sauti ya mama popote, simu yake ilikuwa ya tochi. Nitumie yote, bila kukata, kuanzia makofi. Na pale ninapoongea mimi, paache pia.

Dada yako